Mwanne Amesema Uingie

Kwa miaka mingi nilikuwa simpendi shemeji yangu Chande, na sikuficha. Akiingia uani, mimi natafuta sababu ya kutoka. Dada yangu Mwanne alikuwa akinisema: "Hasna, huyu ni mume wangu, si adui yako." Nami nanyamaza, kwa kuwa nilikuwa naishi kwao, chumba cha nyuma, hapa hapa Ujiji, na wateja wangu wa kusuka nawapokea kwenye baraza yao.

Haya ninayoyasimulia ni ya dada yangu, siyo yangu. Nilimwomba ruhusa, akaniambia, "Sema yote, ila usinifanye malaika."

Chande ni fundi wa injini za boti. Kazi yake iko ufukweni Bangwe, boti zinapotia nanga kutoka Mwamgongo na vijiji vingine vya kaskazini. Si mlevi, hajawahi kumwinulia mtu mkono, na kila anachopata analeta nyumbani. Kosa lake kwangu lilikuwa moja. Baada ya mtoto wa nne, Mwanne alianza kuchomwa sindano za uzazi wa mpango bila kumwambia. Siku moja Chande akaiona kadi ya kliniki chini ya godoro. Hakupiga kelele. Aliichana vipande viwili, akaitia kwenye jiko la mkaa lililokuwa linachemsha maharage, akasema, "Ukitaka kupanga, panga vyombo." Kisha akaenda kazini. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na kitana mkononi. Dada aliinama, akachochea moto, maharage yakaendelea.

Basi akazaliwa wa tano, Lulu. Uzazi huo ulikuwa mbaya. Presha ilipanda, damu ikatoka nyingi mno, na daktari akamwambia Mwanne waziwazi kwamba mimba nyingine ingeweza kumwondoa duniani. Chande siku hiyo alikuwa Mwamgongo kutengeneza injini. Alipigiwa simu kwamba mtoto amezaliwa salama, akashukuru Mungu. Maneno ya daktari hayakumfikia, maana Mwanne hakuyasema, na mimi niliambiwa nisiyaseme.

Lulu alikuwa na miezi kumi ilipofika Jumatatu ile.

Nilikuwa namsuka mteja barazani, saa tatu asubuhi hivi, nikasikia ndoo imeanguka bafuni. Nikaita, "Dada?" Kimya. Nikaenda. Nilimkuta amekaa chini sakafuni, mgongo ukutani, kanga imelowa damu kuanzia kiunoni. Midomo imekuwa myeupe.

"Usipige kelele," aliniambia. "Kuna mteja nje."

"Umefanya nini?"

"Nimekunywa dawa. Ya kuitoa."

Hata sikujua kwamba alikuwa na mimba. Nilimfunga kanga mbili juu ya ile, mteja wangu, Mungu ambariki, akakimbia na kichwa nusu kimesukwa kutafuta bajaji. Njiani Mwanne alinishika mkono, kucha zikaniingia. "Usimwambie Chande. Na hospitali usiwaambie. Watanipeleka polisi, na watoto wangu je?"

Kwenye kituo cha afya tulipokelewa na Sista Jovita. Ni Mhaya, mrefu, alihamishiwa Kigoma kutoka Bukoba miaka mingi iliyopita, na miwani yake huning'inia kifuani kwa uzi wa kijani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Tunawajua wauguzi, au tunadhani tunawajua. Yeye alifunga pazia, akashika mkono wa dada kutafuta mshipa, na huku anatafuta akauliza, "Damu imeanza lini? Kuna kitu chochote umekunywa au umeweka? Nauliza ili nikutibu. Sikuulizi ili nikuseme."

Mwanne alinitazama. Mimi nikatazama ukuta. Kisha akasema yote, hata jina la ile dawa.

Sista Jovita akaitikia "sawa", kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Akaita daktari, akaita drip, akaita damu. Hakuna aliyeita polisi. Walimsafisha, wakamwongeza damu, na ilipofika adhuhuri rangi ilikuwa imeanza kurudi usoni mwake. Nilikaa kando ya kitanda nikimpepea kwa kipande cha boksi.

Sista akarudi, safari hii mikono mitupu. "Dada Hasna, tupishe kidogo."

"Mimi ni ndugu yake. Tumbo moja."

"Najua. Ndiyo maana nimekuomba vizuri."

Nikatoka nimevimba kwa hasira. Nje, kwenye benchi la ukumbini, nikamkuta Chande. Jirani alikuwa amempigia simu. Alikuja na ovaroli yake, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko, na ameshika mfuko wenye machungwa.

"Shemeji, vipi Mwanne?"

"Yuko hai."

"Hai? Kwani imekuwaje?"

"Mimba imeharibika," nikamwambia. Hilo tu ndilo nililoweza kusema bila kumsaliti dada.

"Mimba gani?"

Nikamtazama vizuri. Hakuwa akijifanya. Aliketi, mfuko ukamtoka, machungwa mawili yakaviringika mpaka miguuni kwa mama mmoja aliyekuwa anasubiri. Hakuyafuata.

"Kwa nini hakuniambia?" akaniuliza.

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa kali. Nilikuwa nimelihifadhi tangu siku ya lile jiko. Lakini mlango ulifunguka kabla sijalitoa. Sista Jovita alisimama pale, akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye mume?"

"Ndiyo, Sista."

"Nimemuuliza mke wako kama anataka uingie. Angesema hapana, ungebaki kwenye benchi na mimi nisingekuwa na la kukusaidia. Mwanne amesema uingie. Kanawe mikono kwanza."

Mimi sikuitwa. Yaliyosemwa ndani aliniambia Mwanne mwenyewe baadaye, na Chande akaongeza pale alipoona kapunguziwa.

Kumbe Sista aliponitaka niondoke, alimuuliza mambo matatu: kama anataka kupata mimba tena, kama anataka mume wake awepo wakati wa kuzungumzia njia za kuzuia, na nini mume huyo anaruhusiwa kusikia na nini hapana. Mwanne alisema katika maisha yake yote hakuwahi kuulizwa maswali ya namna hiyo. La kwanza akajibu hapana. La pili akasema, "Aingie. Nimechoka kuficha. Kadi nyingine nitaificha wapi tena?" La tatu akasema, "Habari ya dawa, usimwambie wewe."

Chande alipoingia, swali lake la kwanza likawa hilo hilo. "Imeharibika kwa sababu gani, Sista?"

"Hapa tunazungumza ya kesho," Sista akamjibu. "Ya jana ni ya mgonjwa na sisi tuliomtibu. Akitaka kukueleza, atakueleza siku anayotaka mwenyewe."

Kisha akawaeleza kwamba mwanamke akishatoka katika hali ile, mimba nyingine inaweza kuingia hata kabla ya wiki mbili kwisha. Chande hakuamini. Alidhani ni miezi. Sista akarudia, akataja siku kwa vidole. Hapo Mwanne, akiwa amelala vile vile na drip mkononi, akamweleza mumewe maneno ya daktari ya siku Lulu alipozaliwa. Aliyasema kwa sauti ndogo, neno kwa neno, jinsi alivyoyashika.

"Miezi kumi umekaa na jambo hili?" Chande akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Mara ya mwisho nilipokuwa na jambo la kliniki, ulinionyesha jiko."

Sista akauliza jiko gani. Mwanne akamwachia mumewe ajibu. Chande angeweza kupita pembeni. Mwanamume mwingine angesema ni mambo ya nyumbani. Yeye alisema, "Nilichoma kadi yake. Mimi ndiye niliyeichoma, Sista. Sikujua ninachoma nini."

Sista Jovita hakumhubiria. Alitoa kadi mpya, akaandika jina, akampa Mwanne mkononi. "Kadi ni ya mwenye mwili," akasema. Halafu akatandaza vifaa vyake juu ya shuka na kuanza kufundisha. Vidonge vile vya kawaida havimfai mwenye presha kama ya Mwanne. Sindano, yeye mwenyewe hakuitaka tena; ilimfanya atokwe na damu kila siku mpaka akadhoofu. Kijiti kingewezekana. Kitanzi kingewezekana, ingawa ni vizuri damu yake iongezeke kwanza. Alimwonyesha kila kimoja, akampa akishike, na akampa Chande pia akishike. Chande ni fundi. Alikigeuza kile kitanzi kidogo mbele ya dirisha, akauliza shaba yake inafanya nini ndani, inakaa miaka mingapi, ikilegea inajulikanaje. Mwanne alisema ilikuwa mara ya kwanza kumwona mumewe akiuliza kuhusu tumbo lake kwa umakini anaouliza nao kuhusu injini.

"Na za wanaume ni mbili," Sista akamalizia. "Kondomu, na kufunga uzazi. Ni kukata mirija midogo miwili tu, hakiondolewi kitu kingine."

Chande alicheka, kicheko kile cha kukohoa. Hakuna aliyecheka naye.

Siku ile Mwanne alichagua kondomu kwa muda, mpaka damu ipande na akili itulie, kisha arudi baada ya wiki mbili kuamua. "Usiamue jambo kubwa ukiwa umelala kwenye kitanda changu," Sista alimwambia. Walipotoka jioni, pakiti ya kondomu aliibeba Chande, ndani ya mfuko wa machungwa.

Nikasema moyoni, tutaona.

Wiki moja ilipita. Ilikuwa asubuhi, watoto wakubwa wako shule, Lulu nimembeba mgongoni naosha vyombo. Mwanne alikuwa amekaa kwenye mkeka uani anachambua dagaa. Chande alikuwa anavaa viatu aende kazini.

"Chande, kaa kidogo," dada akamwambia.

Akakaa, kiatu kimoja mkononi.

"Mimba haikuharibika yenyewe. Niliitoa mimi. Nilikunywa dawa."

Niliacha vyombo. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza bei za mazao.

"Uliogopa nini?" Chande akauliza mwishowe.

"Niliogopa kufa nikizaa." Mwanne hakuinua macho kutoka kwenye dagaa. "Na nilikuogopa wewe. Nikaona heri nife kimya kimya kuliko kukuambia."

Chande akavaa kile kiatu. Akachukua ufunguo wa pikipiki, akatoka bila kuaga. Nikamwambia dada, "Basi, talaka hiyo inakuja."

Yeye akaendelea kuchambua. "Akiniacha, ataniacha nimeshasema." Siku ile niligundua kwamba dada yangu, ambaye nilizoea kumwonea huruma, alikuwa na ujasiri ambao mimi mwenye mdomo mpana sina.

Chande alirudi kabla ya alasiri. Alisema alikwenda Bangwe, akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, watu wakamletea injini mbili na zote akazikataa. Alisimama mbele ya mkeka wa mkewe.

"Sikuwa najua kwamba naogopesha," akasema. "Nilidhani nina heshima."

Akavua viatu, akakaa chini.

"Ile njia ya Sista. Ya kufunga. Nitakwenda mimi."

Nilitegemea dada alie kwa furaha. Badala yake alimkazia macho. "Usinifanyie hivyo kama adhabu. Leo umejiadhibu, mwakani utanilaumu. Watu wakikucheka utaniangalia mimi. Nenda kaulize kwanza, uelewe, ukae nayo. Ukiwa bado unataka baada ya hapo, twende wote. Usipotaka, nitaweka kitanzi, na wala sitakununia."

Na kweli akaenda kuuliza. Alikwenda kwa Sista peke yake, akarudi na karatasi yenye michoro. Aliambiwa ni jambo la kudumu, asidanganywe kwamba litafunguliwa tena akibadili nia. Aliambiwa nguvu zake za kiume haziguswi. Alikwenda kwa Ustadhi Faridi, anayeswalisha msikiti wa mtaani kwetu, na huko hakupata jibu rahisi. Ustadhi alimwambia wanazuoni wengi hawaruhusu kukata uzazi moja kwa moja pasipo dharura. Kisha akamuuliza daktari alisemaje hasa kuhusu mkewe. Chande akaeleza. Ustadhi alitafakari, akamwambia, "Uhai wa mama huyo ni amana. Kwa hali uliyonieleza, siwezi kukuzuia. Rekebisha nia yako, umwombe Mungu." Chande alisema alirudi nyumbani na mzigo umepungua kidogo, ila haujaisha.

Kwa mama yake ilikuwa ngumu zaidi. Bibi huyu ni Muha wa Kidahwe, na habari zilimfikia sijui kwa njia gani. Alikuja asubuhi mapema na basi la kwanza. "Mwakeye," akatusalimu mlangoni, nasi tukamwitikia, na kabla hajapewa kigoda akamgeukia mwanawe. "Nimesikia unataka kuhasiwa. Mbuzi wewe?"

"Si kuhasiwa, mama."

"Ni nini basi? Baba yako alizaa tisa."

"Na waliobaki ni wangapi, mama?"

Chande akachuchumaa mbele yake, akamweleza polepole, kwa Kiha ili asipoteze neno, habari ya presha, damu, na maneno ya daktari. Habari ya dawa hakuigusa. Mimi nilikuwa namsikiliza kwa hilo tu, nione kama ataitoa siri ya mkewe ili ajitetee. Hakuitoa. Hata alipobanwa na kuambiwa mke wake ndiye mgonjwa, basi afungwe mke, alisema, "Mwili wake umeshafanya kazi mara tano, mama. Huu wangu haujafanya kitu."

Bibi hakutoa baraka. Aliondoka na hasira zake mchana ule ule. Lakini tulipoingia jikoni tulikuta ameacha chupa kubwa ya mawese na kuku amefungwa miguu, na kumbe alikuwa amemwambia Mwanne pembeni, "Kula, urudishe damu."

Mwezi uliofuata walikuja madaktari wa huduma ya kutembelea vituo. Chande na Mwanne walienda Alhamisi, nami nikawasindikiza. Kabla ya kuanza, Sista Jovita aliwatenganisha tena, akamuuliza Chande akiwa peke yake kama kuna mtu amemlazimisha. Chande alisema alishangaa kwamba na yeye anaulizwa. Kisha akaingia. Safari hii Mwanne ndiye aliyekaa kwenye benchi, akibana pochi yake kwa mikono miwili.

Haikufika nusu saa. Alitoka anatembea kama aliyebeba mayai, na Sista nyuma yake anasoma masharti: asinyanyue kitu kizito kwa wiki moja, na asidhani kazi imekwisha leo. Miezi mitatu waendelee na kondomu, kisha aje apimwe, ndipo watakuwa na hakika.

Alilala siku mbili. Siku ya tatu hakutulia, akaenda ufukweni, eti kukaa tu na kuelekeza. Mwanne akanituma mchana nimpelekee ugali na samaki wa migebuka. Nilifika wakati boti kutoka Mwamgongo imeingia, na injini kubwa imeharibika. Mwenzake wa kazi, Swaibu, ameshika upande mmoja.

"Fundi, shika huko tuishushe."

"Sinyanyui leo," Chande akasema kutoka kwenye kiti.

"Unaumwa?"

Hapo ningekuwa mimi ningesema mgongo. Wanaume karibu kumi walikuwa wamesimama pale, wengine miguu majini. Chande aliwatazama.

"Nimefunga uzazi. Alhamisi."

Kicheko kikalipuka. Mmoja akasema kwa sauti, "Mke kamkalia huyu!" Mwingine akauliza kama sauti itaanza kubadilika. Nilisimama na sufuria kichwani, masikio yananiwaka, nikangoja Chande anitazame kwa ile lawama dada aliyoitabiri.

Hakunitazama. Alisema, "Mke wangu amekaribia kufa mara mbili, na mara zote mbili mimi nilikuwa kazini nafungua spaki plagi. Sasa nimeumwa siku mbili. Hiyo ndiyo habari yote. Nani anashika upande wa pili? Injini inaingia maji."

Mtu akashika. Injini ikashuka. Chande akaanza kuelekeza ifunguliwe wapi kwanza, na kazi ikaendelea. Nikampa chakula chake. Kwa mara ya kwanza tangu aingie katika familia yetu nilimwambia, "Karibu chakula, shemeji," na nikamaanisha.

Sitaki mfikiri mambo yakawa mepesi. Kwa wiki nyingi walimwita Maksai, fahali aliyehasiwa. Alikuwa akiitika, anacheka nao, lakini nyumbani alikuwa mkimya, na dada aliniambia kuna siku alimkuta amekaa kitandani na ile karatasi ya michoro, anaisoma tena. Akamuuliza kama anajuta. Akasema, "Sijuti. Inaniuma tu kidogo wanavyoniita." Mwanne akaketi karibu naye. Hakumbembeleza kwa maneno mengi. Siku iliyofuata alifunga kanga yake, akaenda Bangwe mwenyewe, akampelekea chakula mbele ya wote, akakaa mpaka amemaliza kula, akimtolea miiba ya samaki. Jina lile halikufa siku hiyo, ila likapungua makali.

Miezi mitatu ilipotimia alipimwa. Sista Jovita aliwaita wote wawili, akavaa miwani yake, akasoma majibu: hakuna mbegu hata moja. Mwanne akauliza, "Kwa hiyo mimi sina la kuweka? Hakuna sindano, hakuna kijiti?"

"Kwa kuzuia mimba, huna."

Dada alinieleza kwamba alitoka pale, akafika nje kwenye jua, akasimama. Hakujua afanye nini na mikono yake. Tangu aolewe, kila mwezi alikuwa anahesabu siku.

Sasa damu yake iko sawa, presha anaifuatilia. Amerudia biashara yake ya dagaa. Mara mbili kwa mwezi anapanda boti kwenda Mwamgongo kununua, na Chande ndiye anayebaki na Lulu. Wanagombana bado. Juzi wamegombana kuhusu bati la jiko mpaka majirani wakasikia. Lakini nimemsikia dada akipaza sauti katika ugomvi huo, na Chande akamsikiliza mpaka mwisho kabla ya kujibu, na hilo sikuwahi kulisikia zamani.

Mwezi uliopita Swaibu alikuja nyumbani, akasingizia anatafuta spana. Alizunguka weee, mwishowe akamuuliza Chande kama kweli haiumi. Nilidhani shemeji atajivuna, maana sasa alikuwa na haki hiyo. Alimmiminia chai.

"Mimi sikushauri kitu," akamwambia. "Mkeo ana watoto wangapi anaowataka? Umemuuliza?"

Swaibu akakuna kichwa.

"Basi anza huko. Na mkienda kwa Sista, mwache yeye aingie kwanza. Wewe kaa kwenye benchi mpaka uitwe."

Swaibu mpaka leo hajaenda. Mkewe ndiye aliyekwenda, wiki iliyopita, peke yake, na alipita kwetu kwanza kumuuliza Mwanne kituo kinafunguliwa saa ngapi.